Barua ya Kutoka Kinyambuga

Jumamosi, 2 Novemba 1985

Nimerudi kutoka Bunda na daftari hili. Mwaka juzi watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanaandika kwa kijiti mchangani. Leo duka la karibu na stendi limepanga madaftari, sabuni za mche na mafuta ya kupikia mbele ya macho ya watu, na mwenye duka hajifichi. Nikanunua ya shule, na hili moja nikasema ni langu.

Mimi ni Dafroza, mwalimu wa shule ya msingi Nyarubago. Kwa sababu ya mwandiko wangu, ni mwandishi wa halmashauri ya kijiji pia. Nitaandika msimu huu wa mvua kwa kuwa ni msimu wa ajabu: kijiji chetu kimekatika vipande viwili.

Korongo linapita katikati yake. Upande wetu ndio wenye shule, kanisa na mashine ya kusaga. Upande wa pili tunauita Ng'ambo. Wakati wa masika mwaka huu korongo lilijaa wiki mbili, watu wa Ng'ambo wakashindwa kuifikia mashine, wakala mahindi ya kuchemsha asubuhi na jioni. Upande wetu tuliwacheka. Luhende, mkulima wa pamba wa kule na mtu asiyesema mara mbili, aliomba daraja katika mikutano mitatu. Mara zote tatu niliandika kwenye kumbukumbu: "Tutalifikiria." Mwezi wa tisa wakasimamisha kibao chao, KIJIJI CHA NG'AMBO, wakamchagua Luhende mwenyekiti, wakachonga muhuri kutoka kwenye soli ya kandambili.

Wakawatoa na watoto wao shuleni. Sitini na watatu.

Jumatano, 6 Novemba

Hakuna mvua. Mume wangu Alfonce amenoa plau, amekaa nayo kama mtu aliyevaa suti na harusi haipo.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani tumeimba bila besi. Waimbaji wa besi wote ni watu wa Ng'ambo. Wimbo wa matoleo ulielea juu kama kishada kilichokatika uzi. Alfonce alijaribu besi peke yake, mtoto akalia.

Yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Ng'ambo. Mama yake, Wankyo, amekataa kukanyaga upande huu tangu mwezi wa tisa. Amemwambia binti yetu Robi kwamba akitaka kumwona bibi yake aje na pasipoti.

Alhamisi, 14 Novemba

Mwenyekiti wetu, Mzee Masatu, alikuja ofisini kwa walimu kuomba chaki ya kuandika tangazo. Alinikuta nasoma kitabu cha zamani cha historia, kile kisicho na jalada. Akauliza kinasema nini. Nikamsimulia kwamba huko Amerika, zaidi ya miaka mia iliyopita, majimbo ya kusini yalijitoa katika nchi. Waziri mmoja akamwandikia rais wake ushauri: tutafute ugomvi na mataifa ya ng'ambo ya bahari, tupigane nao, na hawa waliojitoa wataona aibu, watarudi kutusaidia.

Masatu alisimama na chaki mkononi. "Huyo waziri alikuwa na akili," akasema. "Mwalimu, mwaka sabini na nane mimi nilikwenda vitani Kagera na mgambo. Siku tunaondoka, nani aliulizana ukoo? Watu waliokuwa hawasalimiani walitoa ng'ombe kwa kamba moja. Sijawahi kuona kijiji hiki kinapendana vile."

Kabla sijamaliza kusimulia, akaondoka. Hata chaki aliisahau mezani.

Jumapili, 17 Novemba

Ninaandika hili kwa aibu, lakini daftari ni langu na nitaandika.

Masatu alikuja nyumbani baada ya misa, wakati Alfonce yuko kwa mama yake. Alitaka nimwandikie barua. Si barua ya kwake. Barua ya kutoka Kinyambuga.

Kinyambuga ni kijiji jirani, nyuma ya Ng'ambo. Kati yao kuna lambo, bwawa la kunyweshea mifugo, na tangu nipate akili ng'ombe wa vijiji vyote wanakunywa hapo. Mdogo wangu Jeska ameolewa huko. Barua iseme kwamba Kinyambuga wanalichukua lambo, na kuanzia mwaka mpya ng'ombe wa Nyarubago na Ng'ambo wasionekane.

"Mzee, huo ni uongo," nikamwambia.

"Ni uongo wa wiki mbili. Wakisharudi, nitasema Kinyambuga wamebadili mawazo."

"Na Kinyambuga wenyewe je?"

"Hawatajua. Nani atawapelekea barua yao wenyewe?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mwalimu, wale watoto sitini na watatu wamekaa nyumbani tangu mwezi wa tisa. Wengine hawatarudi tena darasani, unajua hivyo kuliko mimi. Unao ushauri mwingine?"

Nilifikiria madawati matupu, na yule msichana Boke wa darasa la sita anayefanya hesabu za darasa la saba. Niliandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko wangu usijulikane. Herufi zilitoka zimelala kama mtama uliopigwa na upepo. Masatu aliipuliza wino ukakauka, akaiweka ndani ya kofia yake.

Jumatano, 20 Novemba

Barua imesomwa mkutanoni. Masatu aliwaalika Ng'ambo "kwa jambo linalowahusu zaidi kuliko sisi", nao wakaja wakasimama pembeni, mikono kifuani. Aliisoma polepole. Alipofika "ng'ombe wenu wasionekane," ile mikono ikashuka.

Luhende alipita katikati ya watu akaichukua barua, akaisoma mwenyewe. Kisha akasimama bega kwa bega na Masatu. Miezi miwili hawakuwa wamesalimiana.

"Lambo tulichimba wote," akasema Luhende. "Baba yangu na baba yako. Leo usiniulize mimi ni wa Ng'ambo au wa wapi."

Watu walipiga makofi mpaka mbwa wakakimbia. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za barua niliyoitunga mwenyewe. Lakini nitasema kweli: nilifurahi. Nilifurahi sana.

Ijumaa, 22 Novemba

Watoto hamsini na wanane wamerudi. Boke alikuwa wa kwanza mlangoni.

Jumapili, 24 Novemba

Besi imerudi. Padri alisahau kuketi.

Mvua pia, tangu saa nane. Alfonce alitoka na plau yake hadi shambani, akasimama tu huko akilowa.

Jumatano, 27 Novemba

Wanajenga daraja. Luhende alisema kama Kinyambuga watakuja, vijana wa upande huu lazima wavuke haraka hata korongo likijaa. Masatu hakuweza kubisha. Magogo yameletwa na majozi kumi na moja ya ng'ombe, ya pande zote mbili. Wanawake wanapika uji kwenye sufuria moja ya harusi. Kelele za kazi zinafika darasani, nimeacha kufundisha, tunawahesabu ng'ombe kwa makumi.

Jumamosi, 30 Novemba

Daraja limekwisha kwa siku nne.

Mama mkwe, Wankyo, alikuwa wa pili kuvuka, baada ya mbuzi. Alikuja na kuku chini ya kwapa na debe la mahindi kichwani. Akaketi jikoni kwangu kama aliyetoka jana.

"Mkamwana," akaniambia, "kisu chako hiki hakikati. Nilijua nikikosekana hapa mambo yataharibika."

Alikaa mpaka saa kumi na mbili. Robi alilala mapajani pake. Kama uongo unazaa siku kama hii, nilijiuliza, ni uongo wa namna gani?

Jumanne, 3 Desemba

Nimepata jibu kidogo. Nikitoka shule nilipita kwa mhunzi. Kulikuwa na foleni, lakini si ya majembe. Ilikuwa ya vichwa vya mishale.

Vijana wa sungusungu wanalinda lambo kwa zamu. Hakuna aliyewatuma.

Ijumaa, 6 Desemba

Tumefunga shule. Jeska alikuja na miguu yake kutoka Kinyambuga, na mimba ya miezi minane. Nilimkuta ameketi kwenye gogo mbele ya nyumba, viatu mkononi.

"Dada, tumewakosea nini?" akauliza kabla ya maji. "Juzi vijana wenu wamefukuza ng'ombe wa mume wangu lamboni. Wamempiga mchungaji. Wanasema sisi tumeandika barua."

"Amepigwa sana?"

"Mkono umevimba. Mzee Kwangu, mwenyekiti wetu, ameuliza nyumba kwa nyumba nani aliandika. Hakuna. Sasa wanaume wa kwetu wanasema Nyarubago wametunga hiyo barua ili watunyang'anye lambo. Wamekasirika, dada. Jumapili wanakwenda kunywesha kwa nguvu." Akanitazama. "Wewe ndiye mwandishi. Hiyo barua umeiona?"

Nikamwambia nimeiona. Nikamletea maji. Sikuweza kusema zaidi, na nilipomsindikiza mpaka darajani nilikuwa nimeshika mkono wake kama mimi ndiye mgonjwa.

Jumamosi, 7 Desemba

Asubuhi nilikwenda kwa Masatu. Nilimkuta nyuma ya nyumba, hajanyoa, amekalia kinu. Nilikuwa nimepanga maneno ya ukali, lakini nilipomwona yakaniishia.

"Nilikuwa nataka kuwasha koroboi," akasema. "Nimewasha nyasi."

"Kesho watapigana, Mzee."

"Najua. Mimi nilishaonaga vita, Mwalimu. Hawa vijana hawajaonaga. Wanaimba." Akajifuta uso kwa kiganja. "Tuandike ya pili. Kinyambuga wanaomba radhi. Mkono ule ule wa kushoto."

"Ya pili itadai ya tatu. Na Kinyambuga hawataomba radhi kwa jambo wasilolifanya. Wameshasema hivyo."

Akachomoa unyasi, akauvunja vipande. Nikamwambia, "Ile hadithi ya Amerika hukuisikiliza mpaka mwisho. Yule rais alikataa. Aliusoma ushauri wa waziri wake akauweka pembeni."

"Hukuniambia."

"Uliondoka."

"Na nchi yao ikarudi kuwa moja?"

"Ilirudi. Kwa taabu kubwa na damu nyingi, lakini ugomvi ulikuwa wao wenyewe na waliumaliza wenyewe."

Aliinuka kwenye kinu. "Ukisema kesho," akasema, "Ng'ambo wataondoka tena. Daraja watalivunja kwa hasira. Na sisi wawili hatutakaa hapa."

"Afadhali daraja livunjike."

Nilimwambia Alfonce mchana, shambani, ng'ombe wakiwa wamesimama na plau ardhini. Nilimweleza yote. Hakunikatiza. Mwisho akasema, "Mama Robi, miaka tisa nimekuwa nakuambia uache kuandika kwa mkono wa kushoto ukiwa na haraka. Mimi ningeujua mwandiko ule kama ningeonyeshwa." Halafu akaacha utani. "Kesho nitasimama nyuma yako. Sitasema kitu, lakini nitasimama."

Nimeandika mistari hii jua bado lipo. Nimevaa nguo za kesho kuzijaribu, kama mtu anayekwenda mtihani.

Jumatatu, 9 Desemba

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika polepole nisisahau.

Baada ya misa watu walikwenda lamboni, si kwa maandamano, kwa vikundi. Wanaume wa kwetu na wa Ng'ambo walisimama ukingo wa magharibi, pinde begani, upanga mmoja mmoja. Walikuwa wamechanganyika kabisa, huwezi kujua nani wa upande upi. Ndilo tulilolitaka. Kinyambuga walitokea ukingo wa mashariki na ng'ombe wao mbele, mamia, na nyuma ya ng'ombe wanaume. Mzee Kwangu alikuwa na fimbo tu. Niliona mume wa Jeska.

Ng'ombe hawajui barua. Walikwenda moja kwa moja kwenye maji. Kijana mmoja wa kwetu akachomoa mshale.

Nilitembea mpaka pale matope yanapoanzia, kati ya pande mbili. Viatu vikabaki kwenye tope, nikaendelea bila viatu. Nilijua nisipoanza kusema nitaogopa, kwa hiyo nilianza nikiwa bado natembea.

"Barua niliandika mimi," nikasema. "Kinyambuga hawakuandika chochote. Hawajawahi kulidai lambo. Niliandika mimi Dafroza, nyumbani kwangu, Jumapili ya tarehe kumi na saba."

Hakuna aliyeelewa. Luhende akaja mpaka karibu yangu. "Mwalimu, unawatetea kwa sababu ya mdogo wako."

"Unayo hiyo barua?"

Alikuwa nayo, imekunjwa mfukoni mwa shati. Nikaomba kalamu, nikaigeuza barua, nikaiweka mgongoni kwa Alfonce, aliyekuwa amenifuata topeni, na mbele ya Luhende nikaandika kwa mkono wa kushoto: "Ng'ombe wenu wasionekane." Herufi zilitoka zimelala vile vile. Luhende alitazama upande huu, akageuza, akatazama upande ule. Nilisikia ng'ombe wanavyokunywa.

Ndipo Masatu akashuka ukingoni. Kofia ameishika. "Nilimtuma mimi," akasema kwa sauti ya mwenyekiti. "Alikataa, nikamsihi kwa jina la watoto. Nilitaka Ng'ambo warudi. Kijana aliyepigwa, mkono wake ni juu yangu. Kama kuna wa kufukuzwa, ni mimi."

Sasa kelele zikaanza, pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza zilikuwa kelele za aina moja. Mtu wa Kinyambuga alinitukana, mtu wa Ng'ambo akamwitikia kwamba amesema vizuri. Luhende akainua mkono wakanyamaza.

"Nina swali moja tu," akamwambia Masatu. "Mikutano mitatu niliomba daraja. Mkasema mtalifikiria. Kumbe lilikuwa la siku nne."

Masatu akasema, "Lilikuwa la siku nne. Sina la kujitetea."

"Basi tulidanganywa kurudi. Tunaondoka tena?" Hakumwuliza Masatu. Aliwageukia watu wake, na nikaona kwamba yeye mwenyewe hakujua.

Mama mkwe, Wankyo, ndiye aliyejibu. Wanawake hawakuwa wameitwa lakini walikuwepo wote, kwenye kichuguu.

"Luhende, mimi usiniondoe," akasema. "Mimi sikuvuka kwa ajili ya barua. Barua hata sikuisikia vizuri, masikio haya. Nilivuka kwa sababu kulikuwa na pa kuvukia. Miezi mitatu nilikuwa natafuta sababu ya kumwona mjukuu wangu bila kuonekana nimeshindwa. Kama wewe hukuwa unatafuta, sema."

Luhende alimgeukia. Halafu mdomo wake ukaanza kucheza pembeni, akajaribu kuuzuia, akashindwa. "Nilikuwa natafuta," akasema. "Kuimba besi porini bila soprano ni kazi ngumu."

Sijui nani alicheka kwanza. Nadhani Kinyambuga. Kijana mwenye mshale aliurudisha, akautazama kama hajui umefikaje mkononi mwake.

Haikuishia kwenye kicheko, na ni vizuri. Wazee wa pande zote walikaa mpaka saa kumi na moja. Masatu atatoa dume lake jeusi, liliwe hapo hapo lamboni, na atamlimia aliyepigwa msimu mzima. Vijana waliompiga watalima pamoja naye. Ng'ambo wanarudi, lakini kwa masharti yao waliyoyasema kwa sauti: mashine ihamishiwe karibu na daraja, wajumbe wa halmashauri wawe nusu kwa nusu, na uchaguzi mpya mwezi wa kwanza. Hakuna aliyesema tutalifikiria. Mimi nimeondolewa uandishi mpaka wanakijiji waamue, na nimewaomba radhi Kinyambuga mmoja mmoja, nikiwapa mkono, mamia ya mikono. Mume wa Jeska aliushika wangu kwa muda mrefu, akasema, "Shemeji, umetutisha." Jeska hajanisalimia bado.

Jumamosi, 14 Desemba

Dume limeliwa. Mnofu ulikuwa mgumu, Masatu akasema hata ng'ombe wake amekataa kusamehe. Luhende alimkatia kipande cha ini kwa mkono wake.

Alhamisi, 19 Desemba

Tunapanda pamba. Mgongo unauma.

Jumanne, 24 Desemba

Saa nne asubuhi wanaume wanane walitokea darajani wakikimbia na kitanda. Juu yake Jeska. Uchungu ulimkamata kabla ya siku zake, na walikuwa wanamwahisha barabarani apate gari la Bunda. Wanne wa Kinyambuga, wanne wa Ng'ambo wa sungusungu, wale wale wa zamu ya lambo. Hawakufika barabarani. Wankyo aliwazuia njiani mbele ya nyumba yangu, akawafukuza wote, akaninyooshea kidole mimi na kanga yangu.

Mtoto wa kiume alizaliwa jikoni kwangu saa sita kasoro. Wale wanane walikuwa nje wamekalia kitanda, wanalumbana ni upande gani uliobeba vizuri zaidi.

Jeska alinitazama kwa mara ya kwanza tangu lambo. "Dada, kile kisu chako hakikati," akasema. "Mama mkwe wako ameniambia."

Nikalia na kucheka, sikuweza kuchagua.

Jumapili, 12 Januari 1986

Uchaguzi. Masatu hakugombea. Alisimama akampendekeza Luhende, na Luhende akashinda kwa kura nyingi, pande zote za korongo. Kazi yake ya kwanza kama mwenyekiti ilikuwa kuuliza kuhusu mwandishi. Watu wakaguna. Mzee mmoja wa upande wetu akasema mwandiko wa kulia wa Mwalimu bado ni mzuri.

Luhende akaamua: "Arudi. Ila kila barua itasomwa mkutanoni kabla haijatumwa, naye akiwa amesimama."

Jumamosi, 18 Januari

Barua yangu ya kwanza ilikwenda Kinyambuga Jumatano, imesomwa, imepigiwa kura. Inawaalika tulichimbe lambo upya kwa pamoja kabla ya masika, lipate kina na ng'ombe wa wote watoshe.

Jibu halikuja kwa maandishi. Leo asubuhi Mzee Kwangu na wazee wawili walifika kwa miguu mpaka mlangoni kwangu, barua mkononi, nyuso ngumu. Waliniomba niseme kwa kinywa changu, mbele ya mashahidi, kama kweli hii nimeiandika mimi, na kama kweli kijiji kimenituma.

Nikasema ndiyo, na ndiyo.

"Kwa mkono upi?" akauliza Mzee Kwangu.

Nikamwonyesha wa kulia. Akautazama, akaugeuza kiganja juu, akaridhika. Wakaomba maji, kisha wakaomba kiti, kisha Alfonce akachinja mbuzi. Wankyo aliitwa kuangalia kama nyama imeiva. Waliondoka saa kumi, na wametuachia siku: Jumatatu, kila nyumba ije na jembe.